Chifu hakuwa anaringa

Wale mliocheka ile video ya paka wangu, naomba mnisikilize kidogo.

Ni ile Chifu ananusa dagaa, analia, halafu anageuka. Nikaandika, "Paka wa Musoma keshazoea sato, dagaa hataki tena."

Siku tatu nikamwekea dagaa tu. Nikasema njaa itamfundisha adabu.

Leo daktari wa mifugo alikuja kuchanja ng'ombe wa jirani yangu, mama Bhoke. Nikamwita, natania kabisa, nikamwomba dawa ya maringo.

Akamfungua Chifu mdomo. Mfupa wa samaki umekwama kwenye meno ya nyuma, fizi imevimba.

"Huyu mnampaga mifupa?"

Jumapili nilimpa mapanki, yale mabaki ya sangara, tena nikijiona nampenda.

"Angekuwa anaringa asingekuwa anakuja kwenye sahani, dada. Anataka kula, anashindwa."

Mfupa ulipotoka, Chifu akala dagaa wawili, walewale, akaja kulala miguuni kwangu kama sijamkosea.

Video nimeifuta. Kabla sijaifuta niliisikiliza tena.

Analia mara nne. Anayecheka ni mimi.