Majina Mawili Katika Rejista

Miaka ile ya vita nilikuwa Mweso, nikiwafunza walimu namna ya kuwa washauri wa wanafunzi wao, vijana waliokuwa wameona mambo ambayo hata sisi wakubwa hatukupenda kuyataja. Kwa siku nne nilirudia jambo moja: usimlazimishe mtoto asimulie, mtazame, mpe nafasi, msikilize. Katika walimu wale alikuwemo baba mmoja wa makamo, kutoka kijiji kilicho mlimani, juu ya Muheto. Aliandika kila neno nililosema.

Wiki mbili baadaye nilimtembelea darasani kwake. Alifungua rejista, akaanza kuita majina, wanafunzi wakaitika mmoja mmoja. Akaita jina la msichana fulani: kimya. Akangoja, kalamu mkononi. Akaita jingine: kimya tena. Darasa zima liliinamisha vichwa. Kwenye benchi la mwisho, binti wa miaka kama kumi na mitano alikuwa ameziba masikio kwa viganja na kufumba macho. Mwalimu hakuinua uso. Akaendelea na jina lililofuata.

Wakati wa mapumziko nikamuuliza hao wawili wako wapi.

"Walikufa, Mama. Siku masasi ya bunduki ililia, niliwafungulia watoto waende kwao. Hao wawili na yule wa nyuma walikuwa wanapita njia moja. Nikawaambia wapite ku muto, kandokando ya maji. Kumbe wenye bunduki walikuwa kule. Mumoja tu njo alirudi, yule wa benchi ya nyuma."

"Na majina yao?"

"Nikiyafuta, itakuwa nimewaua mara ya pili."

"Papa, wakati unawaita, unamutazamaka yule aliyebaki?"

Nililala kijijini, na asubuhi nikarudi darasani. Aliita majina kama kawaida, ila alipofika kwa wale wawili aliinua uso. Akamwona yule binti, viganja masikioni. Akafunga rejista, akatoka nje.

Baada ya masomo tulikwenda pamoja nyumbani kwa bibi wa yule binti. Tulimkuta bibi akimenya maharage uani, mjukuu wake kando yake. Mwalimu aliomba ruhusa ya kuzungumza, akaketi kwenye kigoda.

"Mutoto wangu, unisamehe. Mimi njo niliwatuma ku muto."

Binti akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Wewe ulisema tupite mu mashamba. Mimi njo nilisema tupite ku muto, sababu kule iko karibu."

Mikono ya bibi ilisimama. Niliutazama uso wa mwalimu, nikaogopa nisije nikaona humo nafuu ya mtu aliyemtwika mtoto mzigo wake.

"Hata mimi, mutoto wangu," alisema, "ningepita kule."

Hapo binti akalia. Bibi alituambia kwamba tangu mazishi hakuwa amelia. Mwalimu hakumgusa, hakumnyamazisha. Alikaa pale pale mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Njiani tukirudi nilimuuliza: kweli siku ile aliwaambia wapite wapi?

"Ku muto, Mama. Nakumbuka muzuri."

Mpaka leo sijui ni nani kati yao aliyekumbuka sawasawa. Huenda hata wao hawajui. Nikisimama mbele ya walimu wengine, swali hilo hunijia katikati ya sentensi, nikapotea.

Miezi michache baadaye vita vilipanda mlima ule, kijiji kikahama. Nilimkuta binti kule Mweso, kwenye foleni ya maji, bibi yake amekaa juu ya bidoni, dumu lao la maji. Alinisalimu, kisha akauliza, "Mwalimu iko wapi?"

Nikamwambia sijui.

"Ukimuona, umuambie sisi tulifika."

Nimeuliza waliokimbia kutoka Muheto. Nimewauliza hata wachuuzi wanaotoka mbali kule Hombo. Hakuna aliyemwona.