Protéine Yenye Ilikataa Kazi

Mucheke tu, bandugu. Mimi njo yule mwalimu wa biologie wa Mususa, mwenye akili kupita bote.

Ile wakati ya vita nilipeleka banafunzi yangu Musienene, kwa shamba ya Mama Kahambu, kubaonyesha mizizi ya maharagi. Nikabafasiria: ndani ya muzizi kuko baprotéine bakubwa, banawasha gène moja, banazima ingine. Bao njo banaamuru: wewe shuka chini, wewe kwenda kando.

Pembeni, maharagi ilikuwa manjano. Nikang'oa moja. Mizizi yote ilikunjama kando, hata moja haikushuka. Furaha gani!

"Muone! Hapa protéine imekataa kazi!" Nikakamata jembe.

"Mwalimu, hapana chimba pale," Mama Kahambu akasema. "Kuja kwanza kunywa chai."

Maskini, nikawaza, mama anaogopa science. Basoda babili, na bunduki yabo, balikuwa banapita barabarani. Nikabaita bakuje kujifunza. Mama akashika mupini ya jembe yangu. "Mwalimu, nakuomba." Nikamutoa mikono polepole, na heshima.

Kila mutu kwetu alizika vitu yake shambani ju ya vita, basoda basiibe. Mimi mwenyewe nilizika radio yangu. Lakini siku ile nilikuwa na science.

Nikachimba. Jembe ikagonga chuma, ngaa! Soda mukubwa akainama, akapangusa udongo juu ya mashini ya kushona ya Mama Kahambu, kisha akanipigia salute.

"Aksanti, Professeur. Sasa tuonyeshe fasi ingine kwenye protéine imekataa kazi."