Mali ya Mjerumani Chini ya Kituo

Shangazi alinipigia simu, akasema maneno machache tu: "Njoo, ni mambo ya nyumba." Nikatoka kwangu Rasbura, Lindi mjini, asubuhi, nikabadilisha gari Mingoyo, nikafika kwake upande wa Mtama nikiwa nimejiandaa kwa msiba.

Nyumba yake ni kituo cha treni. Hapo reli iliyotoka Lindi ilikutana na ile ya Mtwara, zikaungana kwenda Nachingwea kufuata mashamba ya karanga ya Mwingereza. Karanga zikagoma, reli ikang'olewa, na babu yangu, aliyekuwa akibadilisha njia za treni, akabaki na jengo. Kuta za mawe, nene, hata jua la saa saba halifui dafu. Paa la bati limetokeza mbele kuwafunika abiria. Dirisha la tiketi shangazi hupitishia chumvi na sabuni kwa wateja wake, na jukwaani huanika makopa ya muhogo. Kituo kile nakipenda kuliko nyumba yangu mwenyewe.

Sasa nusu yake haikuwepo! Chumba cha abiria kilikuwa kimelala chini, bati limejikunja juu ya mawe, na kando yake shimo la kufika kifuani. Ndani ya shimo alisimama mtoto wa shangazi, mtu mzima mwenye mke na watoto, sururu mkononi. Hata shikamoo kwa shangazi, aliyekaa jukwaani, nilisahau.

"Kuna mshale kwenye jiwe la msingi," alisema akihema. "Mganga amethibitisha. Mjerumani kazika mali hapa."

"Mjerumani gani?" nilifoka. "Kaondoka babu hajazaliwa! Kituo hiki kajenga Mwingereza, na mshale kachonga babu mwenyewe, kuonyesha njia ya Lindi!"

Nikamgeukia shangazi, nikingoja aangue kilio, maana masika yako mlangoni na hana kwingine pa kulala.

"Kumbe Mwingereza," alisema taratibu. "Ndiyo maana hatuoni kitu. Mwingereza asingezika mali kwenye chumba cha abiria. Angeiweka ofisini kwa stesheni masta."

Ofisi ya stesheni masta ndicho chumba anacholala.

"Shangazi!"

"Nimekuita uchimbe, mwanangu, si utufokee. Mganga kasema mali haitoki mpaka ukoo utimie."

Kisha akaingia ndani, akaanza kukitoa kitanda chake nje.