Dawa ya Meno ya Babu

Juzi, kwenye duka la dawa hapa Tukuyu, nilimwona kijana akipumulia kiganja chake na kukinusa. Mawazo yakanirudisha Masoko, utotoni, kwa babu mzaa baba.

Babu alinuka tumbaku ya kiko. Kila alipokohoa njiani, mama alijitosa kwenye migomba iliyolowa, mkungu kichwani, akageuza uso na kujiziba mdomo kwa khanga. Nikaamini anakimbia harufu.

Siku hizo dawa za meno za nje zilikuwa zimeanza kujaa madukani, na baba alileta moja ya mnanaa. Nikampelekea babu.

"Sugua, babu, mama asikukimbie tena."

Alisugua kwa kidole, akanipumulia. "Bado nanuka?"

"Hapana."

Nikamvuta hadi njia ya shambani. Mama alipotuona, akaingia tena majanini na mzigo wake, shingo ikimtetemeka. Nililia kwamba dawa ni mbovu. Sikujua kwamba kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto haonani na baba mkwe, hata anukie vipi.

Babu alinishika mkono.

"Tupite upesi, mjukuu wangu," alisema. "Ule mkungu ni mzito."