Flopi Nne za Marehemu Hhando

Karatu mjini watu walimjua Adrian kwa jambo moja: hakuwa fundi wa kubahatisha. Ukimpelekea redio, siku hiyohiyo atakuambia kama inapona au haiponi, na akisema haiponi, itupe shimoni ukalale zako. Kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya maduka ya spea, kimejaa vitu ambavyo wenyewe walikwisha kuvikatia tamaa: redio kaseti za wakulima, vipaza sauti vya kanisani, televisheni zenye migongo mirefu. Vumbi jekundu liliingia kila upenyo, naye alipigana nalo kwa mswaki mkuukuu, pamba na spiriti.

Ufundi aliupata Arusha, kwa mzee mmoja mkali aliyeitwa Elieshi. Mzee huyo alimwachia sheria mbili. Ya kwanza, usimrudishie mteja kitu chenye kilema, hata kama mwenyewe hakukitaja. Ya pili, usimpime mgonjwa kwa mgonjwa: ukitaka kujua kama redio ni nzima, iwekee kaseti unayoijua kuwa ni nzima. Adrian alizishika sheria hizo kama katekisimu. Watu humcheka fundi mzembe, wala hawajui kwamba fundi makini naye ana namna yake ya kuua.

Mwezi wa tatu mwaka 2005, dada yake Martha alishuka kwenye pikapu akitokea upande wa Daa, amekumbatia mzigo uliofungwa kwa kitenge. Ndani yake mlikuwa na kompyuta, ya zile za kizamani, nzito kama jiwe la kusagia. Mama yao alifariki Adrian akiwa hajaota meno ya mbele, na Martha ndiye aliyembeba mgongoni. Baadaye ndiye aliyeuza mtamba wake wa pekee ili mdogo wake aende Arusha kujifunza kazi. Kwa hiyo dada alipotua mzigo, Adrian aliacha redio ya watu wazi na kusimama.

"Piusi amepanda mahindi ndani ya shamba langu," Martha alisema, hata kabla ya kupewa kigoda. "Minyaa ya mpakani ameing'oa yote. Anasema lile shamba ni la ukoo, mimi nimeolewa tu."

Piusi alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, Hhando. Huyo Hhando ndiye aliyekuwa mtendaji wa kijiji mwaka 1997, mkutano wa kijiji ulipogawa mashamba ya bondeni. Alipima kwa kamba mbele ya watu, akaandika jina la kila mmoja na hatua zake, na shamba la kwake aliliandikisha kwa jina la mkewe. Piusi hakulisahau jambo hilo. Sasa Hhando alikuwa kaburini mwaka wa pili, na karatasi za ofisini zilikuwa zimeliwa na mchwa. Orodha ilibaki mahali pamoja tu, kwenye flopi, visahani vya kutunzia maandishi, alizoziandika kwa kompyuta ile, enzi wakiiwasha kwa jenereta ya misheni.

"Mwenyekiti amesema nikiileta orodha, hata ya kompyuta, ataisoma mbele ya wazee waliokuwepo, waikubali, aipige muhuri. Baraza linakaa baada ya wiki nne." Martha alitoa kopo la maziwa ya unga, akafungua kifuniko. Flopi nne zilikuwa zimelala ndani, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri wa Hhando. "Mimi nimo humu, mdogo wangu. Nje ya humu sipo."

"Zitasomeka, dada."

"Ila ujue mashine yenyewe ina wivu. Marehemu alikuwa analalamika. Flopi ya mtu mwingine haisomi kabisa. Inasoma zake tu, zile alizoandika humohumo."

Adrian alicheka kicheko cha mtu anayeujua ugonjwa kabla ya kumwona mgonjwa. "Basi huo ndio ubovu wenyewe. Nitaunyoosha."

Kompyuta ilikuwa imekufa kabisa, kwa hiyo alianzia kwenye umeme. Wiki nzima alichomoa vilivyoungua na kuchomekea vingine kutoka kwenye televisheni zilizokufa, mpaka siku moja feni ikazunguka na kioo kikawaka. Hapo ikabaki draivu, sehemu inayosoma flopi. Mtu mwingine angechukua flopi ya Hhando akaichomeka palepale aone. Adrian hakuthubutu. Hedi, kile kichwa kidogo kinachosoma, kilikuwa kimefunikwa vumbi, na hedi chafu hukwangua flopi ikawa kama sahani iliyosuguliwa kwa mchanga. Hakuwa tayari kuweka shamba la dada yake chini ya kucha za mashine asiyoiamini.

Alisafisha kwa pamba na spiriti, akapaka mafuta kidogo reli ambayo hedi huteleza juu yake, kisha akaenda kwa Anitha, msichana wa Moshi aliyekuwa na kafe ya intaneti barabarani, akaazima flopi nzima. Aliichomeka. Mashine ikakoroma, ikatafuta, ikakataa. Akaazima nyingine, nayo ikakataliwa. Alipoinamisha taa aliona kisa: skrubu zinazoshika mota ya hedi zilikuwa zimesogea kidogo, upana wa unywele, kutoka kwenye alama ya rangi ya kiwandani. Akakumbuka jinsi kompyuta ile ilivyokuja kijijini mwaka 1996, juu ya lori la vitunguu lililokuwa likirudi Mang'ola tupu, barabara ikiwa bado mashimo matupu toka Makuyuni. Lori ndilo lililoipinda.

Kwa siku tatu alilegeza, akasogeza, akakaza, akajaribu. Mteja aliyekuja alijibiwa kwa kidole kwamba arudi kesho. Siku ya tatu saa tisa alasiri flopi ya Anitha ikasomeka, barua moja baada ya nyingine, na ya pili vilevile. Adrian alipiga kofi mezani, akatoka nje, akanunua soda, akainywa amesimama juani. Mashine ilikuwa imepona wivu.

Ndipo akafungua lile kopo.

Flopi ya kwanza ya Hhando ilikataa. Ya pili, ya tatu, ya nne. Alirudia mpaka vidole vikalowa jasho. Akazipeleka kwa Anitha, kwenye kompyuta mpya, na huko nako majibu yakawa yaleyale: flopi hii haina kitu kinachosomeka, je, ifutwe na kuandaliwa upya? Mashine mbili nzima zilitoa ushahidi mmoja. Sasa mtu angebisha kwa lipi? Kopo lilikuwa na unyevu, alijiambia. Kuvu imekula.

Martha alipokuja, alimwambia bila kuzunguka, kama alivyowaambia wateja wote.

"Dada, zimekufa."

"Zote?"

"Zote nne."

Martha alilifunika lile kopo. Hakumwambia ajaribu tena wala hakuuliza kama kuna fundi mwingine, maana Adrian akisema kimekufa, kimekufa. Alikunja kitenge chake, akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Baraza likakaa. Kati ya wazee waliokuwa wakikumbuka, mmoja alisema ndiyo, mwingine akasema labda, na wa tatu alikuwa amekula kwa Piusi wiki nzima. Shamba likaenda. Martha alihamia chumba cha kupanga Rhotia, akawa analima vibarua katika mashamba ya watu, mwanamke aliyekuwa na ekari tatu za bondeni kwa jina lake mwenyewe.

Na zile flopi? Fundi hatupi kitu. Mwezi mmoja baada ya baraza, Adrian alizichomeka kwenye mashine ileile aliyoiponya, akaziamuru zifutwe ziandaliwe upya, aone kama zitafaa kwa kazi ndogondogo. Zilikubali zote, safi, bila doa hata moja. Akafurahi. Akampelekea Anitha zote nne kulipa fadhila. Hakujiuliza, huyu mtu asiyebahatisha, ni maiti gani hiyo inayoamka na kwenda shambani.

Jibu lilikuja Novemba, tena likaletwa na kwaya. Antonia, kiongozi wa kwaya ya kigangoni, alifika na kaseti waliyojirekodi wenyewe kwa redio ya paroko. Kila walipoipiga kwenye redio nyingine, sauti zilitoka kama za watu walioimba ndani ya blanketi. Adrian aliisikiliza kidogo, akachukua bisibisi ndogo, na huku akiongea habari za mvua akaanza kuipinda hedi ya redio yake mwenyewe, redio nzima kabisa, taratibu, mpaka sauti zikafunguka.

"Ee! Umefanyaje?" Antonia akauliza.

"Redio ya paroko hedi yake imepinda," Adrian alisema, bado akizungusha. "Ilirekodi kwa upinde. Kaseti haina kosa. Ukitaka kuisikia, unaipinda na yako iifuate, halafu baadaye…"

Mkono ukasimama. Jambo hilo alikuwa amelifanya mara mia mbili, mia tatu. Angelifanya usingizini.

"Fundi? Imeharibika?"

"Hapana," alisema. "Ilikuwa nzima."

Antonia alidhani anazungumzia kaseti. Adrian alikuwa akiiona ile hedi ya Hhando, iliyopindwa na lori kabla hata neno moja halijaandikwa. Ilikuwa imeandika kwa upinde wake miaka yote ile, na duniani hapakuwa na mashine nyingine yenye upinde huo. Wivu ule haukuwa ugonjwa wa kutibiwa, ulikuwa ufunguo. Dada yake alimwambia kwa kinywa chake, naye akacheka, akaunyoosha. Angekuwa fundi mvivu, angechomeka flopi bila kusafisha, na orodha ingesomeka siku ileile.

Alifunga kibanda mchana kweupe, akaenda kwa Anitha. Flopi moja tu ilipatikana, ndani yake orodha ya wageni wa loji, kazi ya mteja wa kafe. Alirudi nayo, akalegeza zile skrubu, akaipinda hedi ilivyokuwa, akajaribu mpaka jua likashuka. Palitoka majina ya wageni vipandevipande, kisha kimya. Maji yakishamwagika hayazoleki, na haya alikuwa ameyamwaga mwenyewe, mara mbili.

Jumapili alikwenda Rhotia. Alimkuta Martha nje ya chumba chake, na jirani mmoja, Mama Qamara, ameshika redio yenye antena iliyokatika.

"Huyu hapa amekuja mwenyewe!" Martha alisema kwa furaha, akaichukua ile redio na kumpa Adrian mikononi. "Mwachie huyu, mama. Mdogo wangu hadanganyi. Akikuambia imekufa, usihangaike tena, zika."

Adrian aliishika. Njiani alikuwa amepanga maneno marefu, ya lori, ya hedi, ya Elieshi na sheria zake. Aliyaacha yote.

"Dada, zile flopi hazikuwa zimekufa."

Martha alimtazama, bado akitabasamu, kama mtu ambaye hajasikia vizuri. Kisha uso ukabadilika, na kilichoingia humo kilikuwa kibaya kuliko hasira: kilikuwa tumaini.

"Ziko wapi?"

"Nimezifuta."

Upande wa pili wa barabara watu walikuwa wakitoka kanisani. Martha alinyoosha mikono yake, ileile iliyomlea, akaichukua redio kutoka kwa mdogo wake, akaipangusa kwa pindo la kitenge na kumrudishia Mama Qamara.

"Ipeleke Mto wa Mbu, mama," alisema. "Nasikia kuna fundi huko."