Mashine Iliyoomba Mazishi Yasogezwe

Mambo ya kompyuta nilijifundisha peke yangu, kwa video za bure, katika chumba nilichopanga Migosi, mjini Kisumu. Aliyejifundisha mwenyewe hajui ni kipi asichokijua, kwa hiyo ana hofu na kila kitu. Ujumbe wa mistari miwili naweza kuuandika asubuhi nzima. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba kosa nitakalolisimulia halikutokana na uvivu. Lilitokana na kujitahidi.

Mama aliyeniajiri hukodisha tenti na viti katika mtaa wa Manyatta. Wateja wake wengi ni watu waliofiwa, na kwetu maziko mengi huwa Jumamosi, maana ndipo ndugu walio mbali wanapoweza kufika. Kuanzia Jumatatu simu ya kazi hailali, na mimi nilichukuliwa ili nimpunguzie Mama kelele hizo.

Kwanza nilimtengenezea majibu yanayojituma yenyewe. Mteja akiandika, jibu linatoka papo hapo: tumepokea, taja siku na mahali. Tenti zikisharudi, linatoka jingine: asante, tunatarajia kukuhudumia tena hivi karibuni. Maneno hayo niliyachagua kwa siku mbili. Mjane mmoja alijibu akiuliza kama tumeshajua ni nani anayefuata kwao. Mama alicheka mpaka akaketi juu ya rundo la viti, na tangu hapo akawa ananiita Injinia.

Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa wakala wa akili bandia. Majibu yangu ya kwanza yalikuwa kama kengele ya shule, ambayo hulia saa yake hata wanafunzi wakiwa likizo. Wakala humwandikii la kusema. Unampa lengo na vifaa, naye anaamua mwenyewe hatua za kufuata. Nilimpa kalenda ya Mama, orodha ya tenti, na lengo moja: mteja asikose tenti. Nikampa pia ruhusa ya kupendekeza siku nyingine pale nafasi inapokosekana. Ruhusa hiyo sikumwambia Mama. Nilijiambia ni jambo dogo la kiufundi.

Kwa wiki tatu alinishinda kazi. Waliofiwa aliwapa pole, waliooa akawapa hongera, na hakuwachanganya hata mara moja. Nilianza kumaliza chai yangu ikiwa bado ya moto.

Kisha Jumatano moja baba mmoja wa Kombewa, mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya kaka yake, akaomba tenti sita za Jumamosi. Zilikuwa zimebaki mbili. Majibu ya zamani yangemwambia tumepokea, basi, mengine tungeyamaliza wenyewe kwa simu. Wakala alitazama kalenda, akaona Jumanne iliyofuata iko wazi, akamwandikia pole ndefu yenye adabu, kisha akamwomba asogeze maziko hadi siku hiyo. Akamwahidi na viti vya ziada bila malipo.

Yule baba alipiga simu. Mama akaiweka kwa sauti ya juu.

"Mama, mashine yenu inauliza kama marehemu anaweza kungoja mpaka Jumanne," alisema, kwa upole ulionitisha. "Kaburi linachimbwa Ijumaa. Ng'ombe ameshafika. Sasa nimuulize mimi, ama mtamuuliza nyinyi?"

Mama aliomba radhi, akakata simu, akanigeukia. Watu wa Seme, upande huo wa Kombewa, wakikalishwa juani siku ya kumzika mtu wao, habari hufika Kisumu kabla ya lori la tenti, na biashara ya Mama ingekuwa imekwisha. Aliniuliza ni nani aliyeambia hicho kitu kibadilishe siku za watu.

Nakiri kwamba kwa muda nilifikiria kuisingizia mashine. Ningesema imejiamulia, naye angeniamini.

"Ni mimi, Mama. Nilimpa ruhusa."

"Na ulimwambia Jumamosi yetu haiguswi?"

"Nilidhani anajua."

"Injinia, wewe umezaliwa hapa na hukumwambia. Angejua aje?"

Kisha akampigia jirani wa ng'ambo ya barabara, mfanyabiashara kutoka Murang'a ambaye naye hukodisha tenti, na ambaye Mama humsema vibaya kila siku kabla ya saa nne. Waliongea kwa dakika mbili, na moja kati ya hizo walikuwa wakitukanana kwa furaha. Tenti nne zikapatikana. Kumbe wamekuwa wakiazimana miaka yote, na hakuna aliyewahi kuandika jambo hilo popote. Wakala angetafuta katika vifaa vyote nilivyompa asimwone huyo jirani. Hata mimi sikujua kwamba yumo katika hesabu zetu.

Ile ruhusa niliifuta siku hiyohiyo. Sasa nafasi ikikosekana wakala ananiita mimi, nami namwita Mama.

Jumamosi alfajiri nilipanda lori kwenda Kombewa kusimika tenti, ingawa hiyo si kazi yangu. Nilikuwa nimekariri maneno ya kuomba msamaha. Yule baba aliyasikiliza nusu, akanishika mkono, akanipeleka kwa ndugu zake.

"Huyu ndiye alitaka tuzike Jumanne."

Basi nikawa mtani wao kwa siku nzima. Mzee mmoja alitaka kujua kama mazishi yake nimeshayapangia siku, ili atafute shati mapema. Mama mmoja aliniletea chakula akisema nile haraka, Jumanne nisingekuta kitu. Nilikula nikiwa na haya, na kila kamba iliyolegea niliinuka kuikaza.

Saa saba Mama alipiga simu. Hakuuliza habari za mashine. Aliuliza kama kuna mtu amekaa juani. Nilitembea kutoka tenti ya kwanza hadi ya sita, nikichungulia kila pembe, ndipo nikamjibu kwamba hakuna.