Kichuguu cha Nyuma ya Jiko

Wastaafu wa huku Kakamega tunachosha. Mtu amekaa ofisini miaka thelathini akipiga mihuri, akirudi nyumbani anaona hata nyasi zimemkosea adabu. Anafyeka, anamwaga saruji, anafunga taa kali ya ulinzi mpaka kuku hawalali, kisha anaketi barazani kulalamika kwamba siku hizi nyota zimepungua. Nawadharau watu hao. Najua wanavyofikiri, kwa sababu mimi ni mmoja wao.

Nyuma ya jiko letu kuna kichuguu kinachonifika kifuani. Kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama ng'ombe. Hiki mama yangu alimpa mke wangu alipoolewa, na kila msimu wa mvua mke wangu alivuna kumbikumbi hapo. Mvua ikinyesha mchana, jioni alisimama uani akatazama juu. Nyota zikitokea safi, alichukua koroboi na beseni. Mawingu yakibaki, alienda kupika. Sikumbuki siku aliyokosea. Mimi na kidato changu cha nne nilimwambia wadudu hawasomi nyota.

"Hawasomi," akanijibu. "Na wewe uliyesoma, umewahi kuleta beseni?"

Mwaka juzi mchwa walianza kutafuna dari. Mke wangu alikuwa ameenda Matete kwa dada yake. Nilinunua dawa, nikaimimina yote kwenye kichuguu, nikajiona daktari.

Aliporudi alisikia harufu kabla hajatua mzigo.

"Umemwaga nini hapa, mzee?"

"Dawa ya mchwa."

"Mchwa wako darini. Hawa walikukosea nini?"

Wale wa darini wanakula mpaka leo.

Msimu uliofuata hakutoka hata mmoja. Mke wangu alisema labda wamejificha chini, watapanda. Aprili hii mvua ilinyesha mchana kutwa, jioni mbingu zikafunguka, nyota zikajaa. Akachukua koroboi na beseni, akaketi kando ya kichuguu. Ng'ambo ya ua, kwa jirani, kumbikumbi walikuwa wanamiminika na wanawake wanacheka.

"Mama, kuja huku!" jirani akaita. "Wametushinda!"

"Niko kwangu," akajibu.

Nilichukua sufuria nikaenda mwenyewe.

"Shemeji," jirani akasema, "leo umekuwa mwanamke?"

"Nipe tu."

"Ngoja kidogo. Si wewe ndiye ulisema wanaharibu nyumba?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilisimama na sufuria yangu, nikapewa nusu.

Nilipomletea mke wangu, aliinua koroboi akatazama ndani.

"Wa nani hawa?"

"Wa jirani."

"Basi kaanga wewe. Mimi nangoja wangu."

Nikaingia jikoni nikawakaanga. Walikuwa watamu. Niliwala wote peke yangu, nimesimama, nikimtazama dirishani akiwasogezea mwanga wadudu niliowaua.